Rakaa za Bi Mwantumu

Bi Mwantumu aliinuka kutoka kwenye rukuu, akasimama wima juu ya mswala wake, na hapo akakwama. Mikono ilimning'inia ubavuni. Midomo ilicheza bila kutoa neno, na macho yake, ambayo muda wote yalipaswa kutazama chini, yakaanza kutangatanga: yakaenda kwenye paa la makuti, yakashuka kwenye rundo la kuni, yakamfuata kuku aliyekuwa akipekua takataka karibu na jiko.

Yuliana alikuwa amekaa kwenye mbuzi upande wake wa ua akikuna nazi. Aliacha kukuna. Kwa miaka yote waliyokaa nyumba zenye mgongo mmoja pale Keko, ameiona sala ya alasiri ya mwanamke huyu mara nyingi kuliko alivyouona uso wake mwenyewe kwenye kioo, na hajawahi kumwona akisimama kiasi kile mahali pale. Alijua kinachofuata. Hakuna aliyemfundisha, alikijua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani.

"Sujudu, Bi Mwantumu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake chumvi ilipo.

Bi Mwantumu akashuka. Paji la uso likagusa mswala, likakaa, na sala ikaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza alibaki ameketi, ameupa ua mgongo.

"Umeniona leo tu?" aliuliza bila kugeuka.

"Leo tu."

"Basi ujue kuwa si leo tu."

Yuliana akaendelea kukuna nazi yake. Aliitafuta huruma ndani yake kama mtu anavyopapasa mfuko wa gauni kutafuta ufunguo. Haikuwamo. Hakushangaa, maana siku hizo kila alichokitafuta humo hakikuwamo.

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipompata malkia mpya, na vijana kadhaa wa Keko wakapata kibarua cha kutundika vibendera huko mjini. Masika yaliyotangulia, Yustina, mtoto pekee wa Yuliana, alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Yuliana hakulia. Alimwosha bintiye, akamvika, akafuata jeneza hadi makaburini, akarudi, akafua kanga za wageni waliolala. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya: kilikaribia, kikamkunja uso, kikapita. Kilichobaki ni ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii haikuleta hata zile sindano za kuamka.

Kanisani waliona kitu kingine. Waliona mwanamke aliyetoka kusini, upande wa Newala, akiwa msichana, akamzika mume mpasua mbao, kisha akamzika mtoto na mjukuu kwa siku moja, na Jumapili iliyofuata akapiga magoti mahali pake pa kila siku bila tone la chozi. Padre alimtaja katika mahubiri. Alisema huko ndiko kuzeeka katika Bwana, na wanawake wakageuza shingo kumtazama. Yuliana alitazama mbele. Alikuwa akiwaza kama amefunika maharage.

Rozari hakuiacha. Kila jioni aliisali kwa sauti kwenye kibaraza cha uani, fumbo kwa fumbo, kwa kuwa kuiacha kungehitaji uamuzi, na yeye hakuwa na pa kuutoa. Na Avelina, kiongozi wa akina mama wa rozari, mwanamke mchangamfu mwenye umri wa kuwa binti yake, alipokuja kumwomba azungumze na akina mama wazee siku ya sikukuu yao, awaeleze mtu anazeekaje katika imani bila kukata tamaa, Yuliana alikubali. Kukataa nako kungehitaji nguvu.

Basi kuanzia alasiri ile, wakawa na siri yao. Bi Mwantumu alitandika mswala pale ambapo Yuliana angeweza kumwona, naye Yuliana akapanga kazi zake za mikono zifuate sala za mwenzake. Alipochambua mchele alihesabu rakaa. Alipomwona mwenzake anababaika, alitupa neno moja: inama, inuka, keti. Alfajiri, katika ile rakaa ya pili, alimkumbusha dua ya kunyanyua mikono, ambayo Bi Mwantumu aliiruka kuliko nyingine zote. Akishakumbushwa, maneno ya Kiarabu yalimtoka yenyewe, mazima, kama uzi unaofunguka kwenye kibiringo. Alichopoteza ni mahali pa kuanzia tu.

Siku moja walikuwa wamekaa pamoja, ungo wa mchele katikati yao, na Bi Mwantumu akasema, "Unajua nilifundisha chuo cha Kurani hapa hapa kibarazani, wasichana wengi hadi hawapati pa kukaa. Mtaa mzima huu, wake za watu wote hawa, Alhamdu yao imepita kwangu."

"Najua. Walikuwa wananiamsha."

"Sikuomba mali, Yuliana. Niliomba nizeeke nikiwa nasimama mbele ya Mola wangu mwenyewe, kwa miguu yangu. Huo tu ndio uzee mwema ninaoujua mie." Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. "Mwanangu Mfaume akijua, atanipeleka Kisiju kwa dada yake. Nitawekwa mkekani kama mtungi, watu wanipitie. Na wewe je, uliomba nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Yuliana hivyo, wote walijijibia. Alifikiri.

"Nilidhani mtu akizeeka anamkaribia Mungu kama anavyolikaribia jiko. Kwamba kila mwaka joto lingezidi."

"Na sasa?"

"Sisikii kitu. Si joto, si baridi."

"Lakini jioni unasali. Nakusikia."

"Mdomo ndio unaosali."

"Basi una bahati, mdomo umekubakia," Bi Mwantumu alisema, akacheka kwa kile kicheko chake cha puani. "Mie ndio unaoniacha." Akachambua mchele kidogo, kisha uso wake ukatulia kwa namna nyingine, kama maji baada ya samaki kuzama. "Yustina hajambo? Mbona simwoni siku hizi?"

Yuliana aliweka mkono juu ya mchele.

"Yustina alifariki, Bi Mwantumu. Masika. Ulikuwepo."

Bi Mwantumu aliziba mdomo kwa kanga. Akalia. Hakulia kwa adabu ya msibani. Alilia kama mtu aliyepokea habari mlangoni, akiwa bado amebeba ndoo kichwani. Alimwita kwa jina la utotoni ambalo Yuliana mwenyewe alikuwa amelisahau, Chiku, kwa kuwa mtoto yule alikuwa na maneno mengi kama kasuku. Akauliza, "Na mtoto?" Akaambiwa, naye. Akaanza upya.

Yuliana alikaa akiyatazama machozi yale. Aliyatazama kwa makini, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama wengine wakichota kwenye kisima chake mwenyewe ambacho yeye amepoteza kamba yake. Jambo fulani lilitaka kusogea kifuani, halikusogea. Lakini lilitaka, na hilo tu lilikuwa geni.

Siku chache baadaye Bi Mwantumu aliuliza tena, Yustina hajambo. Yuliana akamwambia tena. Machozi yakaja mapya, kana kwamba hayajawahi kutoka.

Mara ya tatu Bi Mwantumu hakuuliza. Alikuwa amekaa kwa raha zake akisuka ukili, akiimba kitu kwa sauti ya chini. Yuliana alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Unajua kuwa Yustina alifariki?"

Alijua anachokifanya. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka tu mtu amlilie mwanawe, na katika Dar es Salaam nzima huyu ndiye pekee aliyekuwa bado anaweza. Ukili ukaanguka. Kilio kikaja. Na katikati ya kilio, Bi Mwantumu akitafuta neno la kushika, alishika lililokuwa karibu, lile lililompenya masikioni kila jioni kwa miaka kupitia ukuta wa udongo: "Utuombee," alisema, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Mfaume alikuwa amesimama mlangoni pa ua.

Alikuwa mwanamume wa makamo, fundi seremala, na mavumbi ya mbao yalimfanya aonekane mwenye mvi nyingi kuliko alizonazo. Alimtazama mama yake anayelia. Alimtazama jirani, mkavu wa macho.

"Shikamoo, Mama Yustina."

"Marahaba, Mfaume."

"Maneno hayo mama kayatoa wapi?"

"Kwangu. Nasali jioni, ananisikia."

"Wapangaji wetu waliniambia, sikuamini. Wanasema unamsalisha. Unamwambia inama, unamwambia inuka."

"Anasahau."

Mfaume alishika ukingo wa mlango kama anayeupima unene wake. "Tangu lini?"

"Tangu kabla sijajua mimi."

Pengine ndilo lililomuuma zaidi, kwamba jirani Mkristo ameujua ugonjwa wa mama yake kabla yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimfulia mama yake nguo kwa mikono yake, hata vijana wa kijiweni walipomcheka. Lakini mswala wa Mfaume ulitoka Ijumaa, tena si kila Ijumaa. Mwana wa mwalimu wa chuo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kutoroka chuo. Sasa alimwinua mama yake taratibu, akamshika mabega.

"Na haya machozi?" aliuliza. "Amefanywa nini?"

Yuliana angeweza kujibu. Aliokota ukili ulioanguka, akaukunja.

Kesho yake Mfaume alikatiza ua kwa mabanzi, yale magome ya mbao yanayobaki gogo likishapasuliwa, akayagongomea kimo cha mtu. Alifanya kazi ile asubuhi nzima bila kusema neno la ukali. Alipomaliza, Yuliana alibaki na jiko lake, kamba yake ya nguo, na ukuta unaonuka utomvu.

Alasiri zikapita. Yuliana alikaa kwenye mbuzi bila nazi. Alisikia vipande. Alimsikia Mfaume akirudi kutoka kwa mwalimu wa msikitini akisema, polepole kama mtu anayebeba kitu kisimwagike, "Mama, nimeuliza. Mtu akishaanza kupotewa na akili, kalamu imeinuliwa juu yake. Huandikiwi dhambi. Pumzika."

"Imeinuliwa na nani?"

"Ni rehema, mama."

"Sitaki kuinuliwa kalamu, Mfaume." Sauti ya Bi Mwantumu ilikuwa kavu, sauti ya kibarazani, ya kufundishia wasichana. "Niandikwe. Hata kwa makosa, niandikwe."

Baada ya muda randa ya Mfaume ilianza kukwaruza.

Yuliana aliyabeba maneno yale usiku na mchana, si kwa sababu yalimgusa, bali kwa sababu hayakutaka kuondoka. Aliyasikia akisonga ugali. Jioni, katika rozari, alifika kwenye lile neno, sasa na saa ya kufa kwetu, akakuta sauti yake imeshuka yenyewe, isivuke ukuta. Akamaliza kimya. Akajiuliza kama yeye naye, mwenye kupiga magoti bila kusikia kitu, aliwahi kuinuliwa kalamu bila kuulizwa.

Sikukuu ya akina mama ikafika, Jumapili. Misa ya asubuhi ilipita. Mazungumzo yalipangwa alasiri, na Avelina alisema atampitia wafuatane. Yuliana alivaa gauni lake jeupe, akafunga kitambaa kichwani, akakaa uani kungoja. Alikuwa ameandaa ya kusema, maneno ya padre kwa sehemu kubwa. Upande wa pili Mfaume alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda. Mbao mbichi zikikauka hujivuta, na kati ya mabanzi kulikuwa na nyufa za kupitisha vidole viwili. Fundi gani asiyelijua hilo tangu siku anapogonga misumari?

Kupitia ufa mmoja alimwona Bi Mwantumu akitandika mswala. Akamwona anafunga sala kwa takbira ya kuanza, anainama, anainuka, anasujudu. Rakaa ya kwanza ikapita salama. Ya pili ikapita. Aliketi, kidole cha shahada kikanyooka. Kisha akabaki ameketi.

"Ya ngapi hii?" Bi Mwantumu aliuuliza ua.

Neno limeshatoka, sala imebatilika. Aliinuka, akaanza upya tangu mwanzo. Akafika palepale. "Ya ngapi hii?" Randa ilinyamaza. Kupitia ufa Yuliana alimwona Mfaume amesimama, randa mkononi, amekodoa macho kama mtoto aliyeitwa mbele ya chuo na somo halimo kichwani. Bi Mwantumu akainuka mara ya tatu, magoti yakilia, akafunga sala.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema Avelina mlangoni, anameremeta, maua kwenye mkono mmoja. "Bibi, tuko tayari? Watu wamejaa."

"Milele, amina. Subiri."

Yuliana aliusogelea ukuta. Hakusikia ujasiri wowote, wala upendo. Angeweza kuapa kwamba hakusikia chochote. Aliweka kiganja kwenye banzi. Ya kwanza ikapita. Ya pili. Kidole kikanyooka, kikashuka, na kimya kilekile kikaanza kutanda.

"Mbili," alisema Yuliana kwa sauti ya kutosha kuvuka. "Simama, Bi Mwantumu. Bado mbili."

Hakuna kilichosogea upande wa pili. Alingoja randa irushwe, au tusi. Kisha akaona kanga nyeupe zikipanda.

"Bibi Yuliana!" Avelina alikuwa amekaribia, akinong'ona. "Unafanya nini? Hiyo si ni sala ya..."

"Ya Bi Mwantumu."

"Wanakungoja!"

"Na mimi namngoja huyu."

Rukuu. Wima. "Sujudu," Yuliana alisema. Tatu. Alizungumza kama anayemshika mtu mkono kwenye daraja la mti mmoja, hatua tu, bila kuangalia chini. Mfaume hakusogea. Aliinamisha kichwa, na mkono wenye randa ukashuka polepole mpaka randa ikakaa juu ya ubao. Nne. Bi Mwantumu akaketi, maneno yakamtoka kwa wingi, mazima, hadi mwisho, na hakuhitaji tena mtu yeyote.

Avelina alikuwa bado ameshika maua yake. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama ameshuhudia dhambi au kitu kingine kisicho na jina. "Sasa niwaambie nini akina mama?" aliuliza.

"Waambie sikumlilia mwanangu kwa sababu machozi hayakuja. Haikuwa imani. Wasijifunze kwangu."

"Siwezi kuwaambia hivyo, Bibi."

"Basi waambie miguu inaniuma."

Avelina akaweka maua juu ya ukingo wa dirisha, akamgusa bega, akaenda. Nyayo zake zilisikika zikifika njiani, zikisita, zikaendelea.

Yuliana alifungua kitambaa chake kichwani. Aliketi chini kabisa, gauni jeupe juu ya mchanga, mgongo kwenye mabanzi. Utomvu ulimnata begani. Upande wa pili kiti kilivutwa, na mtu mzito akaketi karibu na ukuta, upande wake, kiasi kwamba mbao zililia kidogo.

"Mama Yustina," Mfaume alisema.

"Naam."

Alimsikia akikung'uta mavumbi ya mbao magotini.

"Magharibi utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Jua lilishuka nyuma ya paa za Keko, moshi wa majiko ukaanza kulala chini, na watu wakapita njiani wakirudi kutoka walikokwenda. Yuliana hakusali na hakulala. Alikaa tu, masikio yake yakiwa upande wa pili, mpaka mwadhini alipoanza. Akasikia Bi Mwantumu akijiinua, akikohoa, akiulizia birika lake. Akasikia maji yakimiminika, viganja, mdomo, uso, yakitiririka kwenye mchanga, kisha yakakoma.

Halafu, baada ya kusita kidogo, yakaanza kumiminika tena, na aliyekuwa akitawadha safari hii alivuta pumzi kwa uzito, kama mwanamume.